Kitu kipo kwenye jedwali, kwenye plani hakipo: tutafute vilivyopotea ndani ya Revit

RamaniNtinda

Wakuu, habari za kazi. Nina modeli ya Revit (programu ya kuchora majengo) ya nyumba ya kuishi kwenye kiwanja cha mteremko hapa Kampala. Leveli ya chini nimeiita 0. Baraza ya mbele imeshuka mm 900 na sebule imeshuka mm 1500. Kwenye 3D kila kitu kipo isipokuwa ramani ya mpimaji. Nikifungua plani ya leveli 0 nakuta hivi:

– sakafu ya baraza inaonekana, ya sebule haionekani, na zote mbili ni aina moja ya sakafu
– madirisha mawili ya sebule hayapo, ukuta umepita moja kwa moja kana kwamba hauna uwazi wowote
– ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba, ambao kilele chake kiko −200, haupo
– matundu ya hewa juu ya madirisha, yanayoanzia kimo cha 2250, hayapo
– DWG (faili la mchoro wa CAD) ya mpimaji haionekani popote, si kwenye plani wala 3D

Skeli ni 1:100. Upeo wa mwonekano (VR): juu 2300, kimo cha kukata 1200, chini 0, kina (mwisho wa kuona kuelekea chini) 0. Jedwali la madirisha linayahesabu yote, hayo mawili yakiwemo. Nianzie wapi? Hii ni seti ya michoro ya kuombea kibali, siwezi kuipeleka na sebule isiyo na madirisha.

Kimo1200

Dada, umefanya vizuri kuweka namba. Watu wengi huandika tu "vitu vimepotea" na hapo hakuna awezaye kusaidia.

Kabla ya kugusa chochote, bonyeza RH. Ni ile balbu ya taa kwenye mkanda mwembamba chini ya mwonekano. Mwonekano utapata fremu ya magenta, vilivyofichwa vitatokea kwa rangi hiyohiyo, na vingine vyote vitafifia. Jaribio hili linagawa tatizo lako mara mbili, na ndiyo maana lazima liwe la kwanza:

Kikionekana kwa magenta, mtu amekificha. Kichague ukiwa bado ndani ya RH, kisha EU kama kilifichwa chenyewe, au VU kama kategoria nzima ilizimwa. Bonyeza RH tena kutoka.

Kisipoonekana hata kwa magenta, acha kutafuta kitufe cha kufichua. Hakijafichwa. Mwonekano wako haukifikii, au hautakiwi kukionyesha kwa sababu nyingine: upeo wa juu na chini, mpaka wa mwonekano, awamu ya ujenzi, chaguo la usanifu, wokseti (fungu la vitu kwenye faili la pamoja) iliyofungwa. Balbu haina uwezo juu ya hayo.

Angalia pia rangi ya fremu kabla hujabonyeza chochote. Fremu ya samawati maana yake mtu ametumia HH au HI, yaani ficha au tenga kwa muda. HR inarudisha kila kitu. Fremu ya zambarau maana yake mwonekano uko kwenye sifa za muda, na unachokiona sicho kilichohifadhiwa.

Tupe matokeo ya RH, halafu tuendelee na kila kimoja.

RamaniNtinda

Asante mkuu. RH imeonyesha fanicha za chumba kimoja na dimensheni tatu kwa magenta. Sebule, madirisha, ukuta wa nyuma, matundu ya hewa: hakuna. DWG pia hakuna. Fremu ilikuwa ya kawaida kabla.

Kimo1200

Basi manne ya kwanza ni suala la kimo. DWG ni habari nyingine, MpimaArdhi akiingia atakueleza.

Tuchukue moja moja, maana kila moja lina sababu yake ingawa yanafanana kwa macho.

*Baraza na sebule.* Kina chako ni 0, kwa hiyo kwa kawaida kitu chochote kilicho chini ya 0 hakipaswi kuonekana. Lakini Revit ina msamaha: sakafu, ngazi, ramp, na vitu vinavyokaa juu ya sakafu kama fanicha na maegesho, huonyeshwa hata vikiwa chini ya mstari wa chini, mradi visizidi futi 4, yaani takriban mm 1220. Baraza iko −900, imo ndani ya msamaha. Sebule iko −1500, imetoka. Hakuna tofauti nyingine kati ya sakafu hizo mbili. Msamaha huu unapoteza watu kwa sababu unawafanya waamini upeo wao uko sawa, hadi siku sakafu moja inaposhuka zaidi.

*Ukuta wa nyuma.* Ukuta haumo kwenye msamaha huo. Kilele kikiwa −200 na kina kikiwa 0, ukuta wote uko nje ya upeo, hata kama ni mm 200 tu.

*Madirisha ya sebule.* Nakadiria kizingiti cha chini kiko mm 900 juu ya sakafu ya sebule, na dirisha lina kimo cha 1200. Ukihesabu kutoka leveli 0, dirisha linaanza −600 na kuishia +600. Wewe unakata kwenye 1200. Kisu kinapita juu ya dirisha, kinakutana na ukuta mtupu, na ukuta mtupu ndio unaochorwa. Programu haijakosea, imekuchorea hasa kilichopo kwenye kimo hicho.

*Matundu ya hewa.* Hapa ni kinyume, kisu kinapita chini yake. Kuna kategoria chache ambazo Revit huzionyesha hata zikiwa juu ya kimo cha kukata, mradi sehemu yake iko chini ya mstari wa juu: madirisha, makabati ya kujengea, na modeli za jumla. Lakini zinachorwa kama zinavyoonekana kutoka juu, na tundu lililozama ndani ya unene wa ukuta mara nyingi halitoi mstari wowote. Usitegemee msamaha huu kwa matundu.

Tiba:

1. Kwa ukuta wa nyuma, bonyeza VR, acha "chini" kwenye 0, shusha kina hadi −400. Ukuta utatokea kwa mtindo wa mistari ya vilivyo mbali, unaoweza kuubadilisha kwenye mitindo ya mistari. Usishushe hadi −2000 kwa haraka, maana kingo za misingi inayotokeza nje ya kuta zitajitokeza kwenye plani ya usanifu. Kumbuka pia kina hakiwezi kuwa juu ya "chini", programu itakataa.

2. Kwa sebule, usibadilishe upeo wa plani nzima. Chora eneo la plani: kichupo cha View, chini ya kitufe cha kuunda plani. Zungushia sebule pamoja na kuta zake za nje, hadi uso wa nje kabisa, kisha uipe upeo wake: juu 2300, kukata −300, chini −1600, kina −1600. Hiyo −300 ni −1500 na 1200 juu yake, yaani unaikata sebule kwa kimo kilekile unachokatia vyumba vingine. Madirisha yatafunguka papo hapo na sakafu itaonekana.

3. Matundu ya hewa: kama yote yako juu ya madirisha, usichore maeneo ya plani kumi na nane. Ingia kwenye familia ya tundu (faili linalobeba umbo lake), weka mistari ya alama kwenye plani, na ongeza mstari wa modeli usioonekana unaoshuka hadi chini ya kimo cha kukata. Mstari huo ukikatwa, familia nzima inahesabiwa imekatwa na alama zake zinajitokeza.

Maeneo ya plani hayaruhusiwi kupandana, ila kingo zake zinaweza kugusana. Ukimaliza, zima mistari yake ya vitone kwa VV (mipangilio ya kuonekana), kichupo cha maelezo. Kuizima hakuondoi kazi yake.

Mbao_na_Bati

Nyongeza kwa Kimo1200. Ukuta mfupi wa uzio pia unasumbua. Ukuta wenye kimo chini ya futi 6, usiofungwa juu kwenye leveli, Revit haiukati hata kisu kikipita katikati yake. Unaonekana, ila kwa mstari mwembamba kama kitu kilicho chini. Watu wanadhani uzani wa mistari umeharibika. Ukitaka ukatwe, fungia kilele chake kwenye leveli.

Kasese_CAD

Mimi kwa haraka ningechora tu ukuta na madirisha upya palepale kwenye hiyo plani. Dakika mbili imekwisha.

Kimo1200

Ndugu Kasese, hapana, na nakuomba usimshauri mtu hivyo. Kitu kisichoonekana bado kipo kwenye modeli na bado kinahesabiwa. Ukuta wa m 6 kwa m 2.7 ni m² 16.2, plasta pande mbili ni m² 32.4. Ukichora wa pili juu yake, mkadiriaji wa gharama anapata m² 32.4 za ukuta na 64.8 za plasta, na hakuna jicho litakaloona kosa kwa sababu kuta zimelaliana sawasawa. Mteja ndiye atakayelipia tofali ambazo hazina mahali pa kukaa.

Halafu ukuta wa pili utapotea kama wa kwanza, kwa sababu kilichoupoteza hakijaondoka. Revit yenyewe inakuonya: unapochora kitu kisichoonekana, kona ya chini kulia linatokea tangazo la njano kwamba kilichoundwa hakionekani kwenye mwonekano huu, kagua mwonekano, sifa zake na maeneo ya plani. Mtu analifunga, anachora tena, analifunga, anachora tena. Ukipokea modeli ya mtu mwingine, fungua orodha ya maonyo kwenye kichupo cha Manage na utafute kuta zilizolaliana na vitu pacha mahali pamoja. Futa kimoja kabla ya kutoa jedwali lolote.

Kasese_CAD

Nimekuelewa mzee. Sikufikiria upande wa hesabu. Nafungua orodha ya maonyo sasa hivi kwenye kazi niliyo nayo.

MpimaArdhi

Ssebo Kimo ameniitia DWG, nami nimefika. Hili ndilo tatizo la kila wiki kwa kazi za Uganda na sababu yake iko kwenye namba za ramani.

Wapimaji wetu hutumia UTM (mfumo wa koordineti za ramani), kanda ya 36. Kampala, kwenye kanda ya kaskazini, iko karibu na mashariki 453,000 na kaskazini 38,000, kwa mita. Maana yake mchoro wako uko takriban km 455 kutoka sifuri ya faili. Revit inataka jiometria ikae ndani ya maili 10, yaani km 16 hivi, kutoka kwenye kitovu chake cha ndani. Ukiileta DWG kwa kulinganisha sifuri na sifuri, unaiomba ibebe kitu kilicho Kampala ikiwa imesimama mbali sana na Kampala. Itaonya, au itakihamisha, au mistari itavunjika na kutetemeka ukikaribia. Kwa kiwanja cha Mbarara kilichopimwa kwa kanda ya kusini ni zaidi, maana kule namba ya kaskazini inakaribia 9,930,000.

Kagua haya kwa mpangilio huu, dada:

Kwanza kipimo. Mchoro wa mpimaji uko kwa mita. Ukiacha programu ikisie na ikasoma milimita, kiwanja cha m 40 kinakuwa mm 40, nukta tu. Kipo, ila huwezi kukiona. Chagua mita mwenyewe unapounganisha.

Pili takataka. Fungua DWG kwenye programu ya CAD, onyesha mchoro wote. Mara nyingi kuna maandishi au nukta moja iliyobaki kwenye 0,0 wakati kiwanja kiko km 455 pembeni. Ukiunganisha katikati kwa katikati, "katikati" ni porini kati ya hivyo viwili. Nakili kiwanja peke yake kwenda faili jipya, acha takataka nyuma.

Tatu, ulipoileta, uliweka tiki kwenye "mwonekano huu tu"? Kama ndiyo, haitatokea 3D wala plani nyingine kamwe. Inabaki kwenye mwonekano ule ulioiletea, na huenda ule ulishafutwa.

Nne, kimo. Hili ndilo watu wa Kampala wanalisahau. Mji huu uko karibu m 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kontua (mistari ya kimo cha ardhi) zenye kimo halisi zitakaa m 1,180 au m 1,200 juu ya leveli yako 0, na upeo wako wa plani unaishia m 2.3. Fungua mwonekano wa pembeni, zima mpaka wa mwonekano, onyesha vyote. Ukiona mstari mwembamba unaelea juu sana, hizo ndizo kontua zako. Zishushe.

Ukishakuwa na faili safi: andika pembeni mashariki, kaskazini na kimo cha jiwe moja la mpaka. Unganisha katikati kwa katikati, mita, bila ile tiki. Sogeza na uzungushe linki mpaka jiwe likae mahali pake kwenye modeli. Kisha kwenye kichupo cha Manage, sehemu ya koordineti, bainisha koordineti kwenye nukta: bofya jiwe, andika zile namba tatu pamoja na pembe ya kaskazini halisi. Sasa modeli iko karibu na kitovu chake na bado inajua ilipo duniani. Usisogeze nyumba kwenda km 455 ili imfuate mpimaji.

RamaniNtinda

MpimaArdhi, umepatia. Kuna neno moja la maandishi kwenye 0,0, na tiki ya "mwonekano huu tu" ilikuwepo kwenye plani ya majaribio niliyoifuta. Nasafisha faili.

Kwa upande wa kimo nimekwama: VR iko kijivu, hairuhusu kuandika chochote.

Mbao_na_Bati

Kijivu maana yake mwonekano umefungwa na kiolezo, yaani seti ya mipangilio inayotumiwa na mionekano mingi. Angalia sifa za mwonekano, safu ya kiolezo itakuwa na jina. Una njia tatu, na si sawa.

Kubadilisha kiolezo chenyewe: kila plani inayokitumia itabadilika, pamoja na za ghorofa ya juu. Kwa kina cha −400 inaweza isiwe shida, ila kagua karatasi zote.

Kutoa tiki kwenye safu ya upeo ndani ya kiolezo: kiolezo kinaendelea kutawala rangi, uzani na filta, ila kila plani inashika upeo wake. Kwa nyumba za mteremko hii ndiyo ninayoipendekeza tangu mwanzo wa kazi, kwa sababu kila leveli ina mahitaji yake.

Kuondoa kiolezo kabisa: ni rahisi na ni kosa. Wiki mbili baadaye plani moja haifanani na nyingine.

Kama unataka kujaribu tu bila kuharibu, washa sifa za muda za mwonekano, cheza na VR, ukimaliza rudisha. Ile fremu ya zambarau ndiyo hiyo.

ChumaNaZege

Nimesoma nikiwa upande wa injinia wa miundo. Kwetu malalamiko ya kwanza ni "kuta za ndani zimepotea kwenye plani ya muundo". Si upeo, si balbu. Ni nidhamu ya mwonekano, yaani fani uliyouwekea: usanifu, miundo, mabomba na kadhalika. Ukiweka nidhamu ya miundo, Revit huondoa kuta zisizobeba mzigo. RH haitakusaidia. Ukuta wa kugawa vyumba wa mm 150 uliochorwa kwa chombo cha usanifu unahesabiwa haubebi. Kama kweli unabeba, uchague na ubadilishe sifa yake ya matumizi ya kimuundo. Kama haubebi lakini unataka uonekane, badili nidhamu iwe ya uratibu. Usibadilishe sifa za ukuta ili tu uonekane, maana unampotosha injinia atakayefuata.

Dada Ramani, usiige mwonekano wangu wa msingi kuwa plani ya usanifu. Unabeba nidhamu pamoja nao.

Jambo la pili ni seksheni, yaani mchoro wa mkato wa wima. Nguzo ya nyuma haionekani kwenye seksheni? Chagua mstari wa seksheni kwenye plani, utaona mstari wa vitone unaoonyesha umbali wa mwisho wa kuona. Kama mstari huo uko m 3 na nguzo iko m 4.5, nguzo haimo. Uvute kwa mkono au uandike umbali kwenye sifa.

Na kama ukuta au sakafu imegawanywa vipande kwa ajili ya hesabu ya tabaka, sifa ya vipande kwenye mwonekano ina hali tatu: vipande, asili, vyote viwili. Ukificha vipande huku mwonekano unaonyesha vipande tu, ukuta umetoweka na asili yake iko salama.

BombaNaUmeme

Mabomba ya maji taka yana tabia yake: hupotea njiani. Linaanza vizuri kutoka chooni, halafu katikati ya plani linakatika kana kwamba halikuunganishwa. Sababu ni mteremko. Kwa 1:40 bomba linashuka mm 25 kila mita. Likianzia −450 na chemba iko m 18 mbele, linafika −900. Ukiwa na kina cha −700, bomba linavuka mstari huo mita 10 tu kutoka lilipoanzia, na kutoka hapo kipande chochote kilicho chini yake chote hakionekani. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuweka kina: mwanzo, jumlisha urefu mara mteremko, kisha ongeza mm 200 kwa unene wa bomba na chemba.

Likiwa ndani ya upeo na bado halionekani, jaribu WF, yaani waya tupu. Likitokea kwenye waya tupu, basi sakafu imelifunika. Hapo tengeneza plani ya nidhamu ya mabomba badala ya kufanya sakafu iwe wazi moja moja.

Filta za mifumo zinastahili kutajwa. VV, kichupo cha filta, kila filta ina tiki ya kuiwasha na tiki ya kuonekana. Filta ya "maji ya moto" ikiwa imezimwa kuonekana, na mtu akakosea akaandika kanuni yake kwa jina linaloanza na "maji" tu, maji baridi nayo yameondoka. Soma kanuni, usisome jina la filta.

Jinja_BIM

Kwa wanaofanya kazi kwenye faili la pamoja: wokseti. Ofisi zenye kompyuta za RAM GB 8 hufungua faili na wokseti zote zimefungwa ili isigande, na ni busara, hasa umeme ukiwa wa kukatika. Lakini kilichomo kwenye wokseti iliyofungwa hakipo kabisa kwenye kompyuta yako, hata balbu haina cha kuonyesha. Kichupo cha Collaborate, wokseti, angalia safu ya "imefunguliwa". Palepale kuna safu ya "inaonekana kwenye mionekano yote", ambayo huenda iliachwa bila tiki wakati wokseti inaundwa. Na kwenye VV kila mwonekano una mamlaka yake juu ya kila wokseti.

Linki ndani ya linki: modeli ya injinia ikiwa imeunganishwa ndani ya modeli ya msanifu kwa aina ya kufunika, haitafuata msanifu akiunganishwa kwako. Ikiwa ya kuambatisha, itafuata.

Mbao_na_Bati

Awamu zitajwe, kwa sababu kazi za kuongeza vyumba kwenye nyumba za zamani ni nyingi. Kitu kinapochorwa kinachukua awamu ya mwonekano uliochorewa. Ukichora chumba kipya ukiwa kwenye plani ya "iliyopo", chumba hicho ni cha zamani kwa maoni ya programu, na filta ya "mpya tu" itakiondoa kwenye plani ya ujenzi. Chagua ukuta kwenye 3D, angalia awamu uliyoundwa na awamu ya kubomolewa. Jedwali nalo lina awamu yake, kwa hiyo hesabu pungufu si ushahidi kwamba kitu hakipo.

Gridi na leveli: mstari wa gridi ambao kilele chake hakifiki ghorofa ya pili hautaonekana kwenye plani ya ghorofa ya pili. Nenda mwonekano wa pembeni, uuvute juu. Alama za seksheni: zina sifa ya kujificha kwenye skeli ndogo kuliko uliyoweka. Seksheni iliyochorwa kwenye 1:50 yenye kikomo cha 1:50 haitatokea kwenye 1:100. Tagi na maandishi yaliyogusa mpaka wa maelezo huondoka yote, si nusu.

Arua_Studio

Wapo humu wanaotumia Archicad, programu nyingine ya kuchora majengo, kwa hiyo kwa ufupi. Ctrl+L kwanza: safu za mchoro zilizozimwa, na mchanganyiko wa safu uliochaguliwa kwenye mwonekano huo. Kisha ghorofa asili ya kitu na ghorofa ambazo kimeruhusiwa kuonyeshwa. Kisha filta ya ukarabati, ambayo ni ndugu ya awamu za Revit. Kisha kimo cha kukata cha plani. Kama ukuta unaonyesha kiini tu bila plasta, ni mpangilio wa onyesho la muundo, si ukuta uliopotea.

RamaniNtinda

Wakuu, nimerudi na matokeo.

Nimetoa tiki ya upeo kwenye kiolezo. Plani ya leveli 0: juu 2300, kukata 1200, chini 0, kina −400. Ukuta wa kuzuia udongo umetokea. Eneo la plani la sebule: kukata −300, chini na kina −1600. Madirisha yote mawili na sakafu vipo. DWG imesafishwa, imeunganishwa kwa mita, na kontua kweli zilikuwa juu kule kwenye m 1,190 na kidogo. Nimezishusha na kubainisha koordineti kwenye jiwe la kona ya kaskazini.

Matundu ya hewa: mstari usioonekana nimeuweka ndani ya familia, ila yametokea kwenye kuta za nje tu. Ya ndani, juu ya milango, bado.

Kimo1200

Ya ndani ni familia ileile, au ni nyingine? Kama huna hakika, chagua moja kwenye 3D, chukua namba yake ya utambulisho kutoka kichupo cha Manage, kisha tumia kitafutio cha namba palepale na ubonyeze kuonyesha. Programu itakupitisha kwenye mionekano inayokionyesha. Ikisema haikupata mwonekano unaofaa, basi hakionekani popote, na tatizo liko kwa kitu chenyewe.

Ingia pia kwenye familia, chagua umbo, fungua mipangilio ya kuonekana: plani, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na viwango vitatu vya undani. Kama kiwango cha chini hakina tiki na plani yako iko kwenye kiwango cha chini, hakuna mstari utakaotokea.

RamaniNtinda

Ni familia nyingine. Mistari ya alama kwenye hiyo ya ndani ilikuwa na tiki ya undani wa kati na wa juu tu, na plani yangu iko kwenye undani wa chini. Nimeweka tiki ya tatu, nikaongeza mstari uleule usioonekana hadi 1000, nikapakia upya. Yote yapo kwenye plani sasa. Orodha ya maonyo imebaki na kuta mbili zilizolaliana kwenye stoo, nazifuta kabla ya kumpa mkadiriaji jedwali.